Notre Dame Fighting Irish: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mashabiki wapya, na wakongwe wanaojifanya wamesahau

Kila msimu ukikaribia, maswali huwa yaleyale. Haya hapa majibu. Mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Mengine, hasa lile la Desemba 2025, timu ilipoachwa nje ya mtoano wa ubingwa, yamekuwa marefu kwa sababu kidonda bado kibichi.

Hii ni timu ya nani, na inacheza mpira gani?

Ni timu ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, chuo cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Kipo kaskazini mwa jimbo la Indiana, Marekani, kando ya mji wa South Bend, kama kilomita 145 mashariki ya Chicago. Mpira ni futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mabega yaliyovimbishwa kwa vikinga, na wachezaji ni wanafunzi wa chuo. Jina la utani ni Fighting Irish, yaani Waairishi wapiganaji, na chuo kililipokea rasmi mwaka 1927 baada ya magazeti kulitumia kwa miaka.

Mechi ya kwanza kabisa ilichezwa tarehe 23 Novemba 1887 dhidi ya Michigan. Vijana wa Michigan ndio waliokuja kuwafundisha wenyeji mchezo huo, na somo lilipokwisha wakawafunga 8-0.

Mbona siioni kwenye msimamo wa ligi yoyote?

Kwa sababu haimo kwenye ligi yoyote. Ukilielewa hili, mengine yote yatajipanga yenyewe: historia, fedha, ratiba ya ajabu, na hata kilio cha Desemba 2025.

Vyuo vikubwa vya Marekani vimejigawa katika ligi kama Big Ten, SEC, ACC na Big 12. Mwanzoni mwa karne ya 20, Notre Dame kilikuwa chuo kidogo cha watoto wa wahamiaji Wakatoliki, na kiligonga mlango wa ligi ya majirani zake, hiyo ambayo leo ni Big Ten. Hakikufunguliwa. Sababu zilizotajwa zilikuwa za kanuni na sifa za wachezaji, lakini chuki dhidi ya Wakatoliki ilikuwa jambo la wazi Marekani ya siku hizo, na wanahistoria wengi hawaiachi nje ya hesabu. Mwaka 1909 Notre Dame waliifunga Michigan kwa mara ya kwanza, 11-3. Mwaka uliofuata Michigan wakaifuta mechi.

Basi timu ikapanda treni. Kama majirani hawataki kucheza nawe, unakwenda kucheza na walio mbali. Tarehe 1 Novemba 1913 ilifika West Point, New York, kucheza na Army, timu ya chuo cha maofisa wa jeshi. Siku zile futiboli ilikuwa kusukumana tu katikati, msuli kwa msuli. Pasi ya mbele ilikuwa imeruhusiwa tangu 1906, ila wachache waliitegemea. Gus Dorais na mwenzake Knute Rockne walikuwa wamekaa kiangazi kizima ufukweni mwa Ziwa Erie wakifanya mazoezi ya kurusha na kudaka. Army wakajikuta wanaangalia mpira ukipita juu ya vichwa vyao. Matokeo: 35-13. Pasi ya mbele haikuzaliwa siku ile, kama wengi wanavyosimulia, lakini siku ile ndipo watu wa mashariki mwa nchi walipoona inaweza kufanya nini.

Kwa kuzunguka huko nchi nzima, timu ikapata mashabiki nchi nzima. Wakatoliki wa New York, Boston na Chicago ambao hawakuwahi kukanyaga chuo chochote waliichukua kuwa yao. Mlango uliofungwa ukageuka mtaji. Big Ten wenyewe walipokuja kuwaalika, Notre Dame walikataa, na mwaka 1999 walikataa waziwazi. Leo wana mkataba wao peke yao na televisheni ya NBC kwa mechi za nyumbani tangu 1991, umeongezwa hadi 2029, na tangu 2014 wana makubaliano na ACC ya kucheza wastani wa mechi tano kwa mwaka na timu za ligi hiyo bila kuwa wanachama. Michezo yao mingine mingi imo ndani ya ACC. Futiboli tu ndiyo imebaki huru.

Mimi ni mtu wa soka. Nieleze kanuni kwa ufupi.

Kumi na moja kwa kumi na moja, robo nne za dakika 15, uwanja wa yadi 100. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapata manne mengine, ikishindwa inatoa mpira. Kuuingiza mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, ikifuatiwa na shuti la pointi moja au jaribio la pointi mbili. Kupiga mpira katikati ya milingoti bila tachidauni ni pointi 3. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira kwanza na kuamua unakwenda wapi. Ukijua hayo, utaelewa robo tatu ya unachokiona. Iliyobaki hata wao hubishana.

Mechi zinaanza saa ngapi kwetu?

South Bend hufuata saa za mashariki ya Marekani. Mechi ya saa tisa na nusu alasiri kwao, ambayo ndiyo saa pendwa ya NBC, huanza saa nne na nusu usiku wa Jumamosi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Mechi ya saa moja na nusu jioni kwao ni saa nane na nusu usiku, Jumapili imeshaingia. Ya saa sita mchana ni zawadi: saa moja jioni, unaangalia huku chakula kikiwa jikoni.

Jihadhari na Novemba. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo Wamarekani hurudisha saa nyuma, sisi hatuigusi, kwa hiyo kila kitu kinasogea mbele kwa saa moja: saa nne na nusu inakuwa saa tano na nusu. Kila mwaka kuna shabiki anayekesha saa nzima mbele ya skrini yenye matangazo ya magari. Walio Goma, Bukavu, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura watoe saa moja, walio Muscat waongeze moja. Mechi moja huchukua kama saa tatu na nusu, hivyo usiahidi mtu kwamba utawahi misa ya kwanza.

Knute Rockne ni nani hasa? Kila mahali ni jina lake.

Yule yule mdakaji wa 1913. Alizaliwa Voss, Norway, mwaka 1888, akaletwa Chicago akiwa mtoto, akaingia Notre Dame akiwa mtu mzima kidogo kuliko wenzake baada ya kufanya kazi posta. Alisoma na kisha kufundisha kemia. Alikuwa kocha mkuu kuanzia 1918 hadi 1930: ushindi 105, vichapo 12, sare 5. Hakuna kocha wa daraja la juu mwenye kazi ndefu kama hiyo aliyemzidi kwa asilimia ya ushindi.

Alikuwa na akili ya uwanjani na akili ya sokoni. Alijua magazeti, redio na matangazo kabla makocha wenzake hawajagundua kwamba hivyo ni sehemu ya kazi. Uwanja wa Notre Dame uliofunguliwa mwaka 1930 ni matunda ya kusukuma kwake. Timu ikatwaa ubingwa mwaka huohuo, na tarehe 31 Machi 1931 ndege aliyopanda ikaanguka karibu na Bazaar, Kansas. Watu wote wanane waliokuwamo wakafa. Rockne alikuwa na miaka 43. Mbao za mabawa ya ndege ile zilikuwa zimedhoofika kwa unyevu, na kelele za umma juu ya kifo chake zilisaidia kubadili namna ndege za abiria zilivyotengenezwa na kukaguliwa Marekani.

Na hadithi ya Gipp, ni kweli?

Nusu. George Gipp alikuwa mchezaji wa ajabu, mkimbiaji, mpasi, mpigaji, na mtu aliyependa meza ya kamari kuliko darasa. Alikufa tarehe 14 Desemba 1920 akiwa na miaka 25, kwa maambukizi ya koo yaliyozaa nimonia. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye maneno aliyodaiwa kumwambia Rockne kitandani: kwamba siku moja, mambo yakiwa magumu, awaombe vijana washinde kwa ajili yake. Rockne alikaa miaka minane bila kuyatoa. Aliyatoa Novemba 1928, Yankee Stadium, dhidi ya Army, na timu ikashinda 12-6. Hakuna shahidi wa pale kitandani, na Rockne hakuwa mtu wa kuiacha hadithi nzuri ipotee kwa kukosa shahidi. Kinachosahaulika ni kwamba msimu ule wa 1928 uliishia ushindi tano na vichapo vinne, mbaya kuliko yote aliyofundisha. Hotuba maarufu kuliko zote ilitolewa na kocha aliyekuwa hana kitu kingine mkononi. Baadaye Ronald Reagan aliigiza kama Gipp kwenye filamu ya 1940, na jina hilo likamfuata hadi Ikulu.

Wapanda farasi wanne?

Harry Stuhldreher, Jim Crowley, Don Miller na Elmer Layden, safu ya nyuma ya 1924. Mwandishi Grantland Rice aliwapa jina hilo baada ya kuifunga Army 13-7 New York, Oktoba mwaka ule, akiazima picha ya Kitabu cha Ufunuo. Timu iliporudi South Bend, mwanafunzi mmoja aliyefanya kazi za uenezi akawakodia farasi wa kweli na kuwapiga picha juu yake, wamekumbatia mipira. Picha hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko makala. Walimaliza msimu kwa kuifunga Stanford 27-10 katika Rose Bowl, mechi ya mwaliko ya kufunga msimu, ya Januari 1925, ubingwa wa kwanza. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mwili wa kutisha: wote walikuwa chini ya kilo 75 hivi. Leo wangeambiwa wapige mpira tu au waende wakasome.

Ubingwa mangapi, na chini ya nani?

Chuo kinadai 11: 1924, 1929 na 1930 chini ya Rockne. 1943, 1946, 1947 na 1949 chini ya Frank Leahy. 1966 na 1973 chini ya Ara Parseghian. 1977 chini ya Dan Devine, kwotabeki akiwa kijana aitwaye Joe Montana. 1988 chini ya Lou Holtz. Tuzo za Heisman, za mchezaji bora wa mwaka, ni saba. Ya kwanza ni ya Angelo Bertelli mwaka 1943, ya mwisho Tim Brown mwaka 1987.

Neno "kinadai" si kejeli. Kwa miaka mingi ubingwa wa vyuo haukuamuliwa uwanjani. Waandishi na makocha walipiga kura, na ndiyo maana 1966 bado inachoma watu wa Michigan State: timu mbili zisizofungwa zilitoka sare 10-10, Parseghian akaamua kuumaliza muda badala ya kusaka ushindi, na kura zikampa yeye. Mimi ningemlaumu zaidi kama asingekuwa na majeruhi wengi kiasi kile.

Kati ya yote, utafute kwanza 1988. Oktoba 15, Miami, mabingwa watetezi, walikuwa South Bend. Zikibaki sekunde 45 Miami wakafunga tachidauni, matokeo 31-30. Wangeweza kupiga pointi moja na kuondoka na sare. Kocha Jimmy Johnson akataka pointi mbili, akataka ushindi. Pat Terrell wa Notre Dame akaunyoosha mkono na kuupangua mpira. Ukiangalia mkanda, usimtazame Terrell, tazama mashabiki waliokuwa nyuma ya milingoti kabla mpira haujagusa nyasi.

Tangu 1988 hakuna kitu? Kulikoni?

Karibu-karibu nyingi. Mwaka 1993 waliifunga Florida State iliyokuwa namba moja, 31-24, na wiki moja baadaye wakafungwa 41-39 na Boston College nyumbani, kwa shuti la sekunde ya mwisho. Mwaka 2012 walimaliza msimu bila kufungwa, wakakutana na Alabama kwenye fainali: 42-14, na haikuwa karibu hivyo. Halafu mashindano ya ubingwa yakawa ya timu nne, wakaingia 2018 na 2020, na mara zote mbili wakatolewa mapema, na Clemson kisha Alabama. Ushindi wa 2012 na 2013 ulifutwa rasmi na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa udanganyifu wa kitaaluma, jumla mechi 21.

Sababu za kimsingi? Vipaji vingi vimehamia kusini, hali ya hewa ya Indiana haimvutii kijana wa Florida, na chuo hakilegezi sana masharti ya masomo. Pia makocha waliofuata baada ya Holtz hawakufaa, kwa miaka mingi mfululizo. Brian Kelly aliirudisha heshima, kisha Novemba 2021 akaondoka ghafla kwenda LSU, chuo cha jimbo la Louisiana.

Marcus Freeman je?

Alizaliwa 1986, baba Mwamerika mweusi, mama Mkorea, alichezea Ohio State. Alipandishwa kutoka kocha wa ulinzi Desemba 2021 kwa sababu wachezaji walimtaka, na mwanzo wake ulikuwa wa kusuasua. Msimu wa 2024 ndio uliomjenga. Septemba walifungwa nyumbani 16-14 na Northern Illinois, timu ambayo ililipwa fedha nzuri kuja kufungwa. Baada ya hapo wakashinda mechi 13 mfululizo.

Desemba 20, mechi ya kwanza katika historia ya mtoano wa timu 12, na ya kwanza ya mtoano kuchezwa kwenye uwanja wa chuo, ilikuwa South Bend dhidi ya Indiana. Jeremiyah Love alipokea mpira akiwa karibu na mstari wake mwenyewe akakimbia yadi 98. Wakashinda 27-17. Wakaifunga Georgia 23-10 katika Sugar Bowl, iliyosogezwa siku moja baada ya shambulio la alfajiri ya siku ya mwaka mpya New Orleans. Wakaitoa Penn State 27-24 kwa shuti la yadi 41 la Mitch Jeter zikibaki sekunde saba. Fainali, Januari 20, 2025, Ohio State wakawa wazito mno: 34-23. Freeman alikuwa kocha mweusi wa kwanza kuifikisha timu fainali ya ubingwa wa daraja la juu.

Tuambie ukweli kuhusu 2025. Tulionewa?

Haya.

Mechi ya kwanza, mwishoni mwa Agosti, Miami, ugenini: 27-24, wamefungwa kwa shuti la dakika ya mwisho. Mechi ya pili, Texas A&M, nyumbani. Hii ndiyo ya kuichambua polepole. Notre Dame wanapata tachidauni mwishoni, wanaongoza 40-34, wanahitaji tu pointi moja ya nyongeza, kitu ambacho hufanywa mamia ya mara kila wikiendi nchini humo. Mpira unatoka vizuri, mshikaji anaukosea, shuti halipigwi. A&M wanarudi, jaribio la nne, yadi 11 kutoka eneo la mwisho, zikibaki sekunde 13 wanaingia. Wao hawakukosea pointi yao moja: 41-40.

Vichapo viwili kwa jumla ya pointi nne, na Septemba haijafika katikati. Kisha wakashinda kumi mfululizo na karibu zote kwa mbali: Arkansas 56-13, Boise State 28-7, USC 34-24 usiku wa mvua ambapo Love alikimbia yadi 228, Navy 49-10, Syracuse 70-7. CJ Carr, kwotabeki mwenye msimu wake wa kwanza, ni mjukuu wa Lloyd Carr aliyeipa Michigan ubingwa 1997, jambo linalowaudhi Michigan hadi leo. Love alimaliza wa tatu kwenye kura za Heisman.

Kwa wiki kadhaa kamati ya uteuzi, ile inayochagua timu 12 za mtoano, iliwaweka Notre Dame juu ya Miami. Timu zote mbili zilikuwa na ushindi 10 na vichapo 2. Wikiendi ya mwisho wote wawili hawakucheza. Tarehe 7 Desemba orodha ya mwisho ikatoka: Miami namba 10, Notre Dame namba 11. Tulane na James Madison, mabingwa wa ligi zao ndogo, wakachukua nafasi za mwisho kwa kanuni. Notre Dame wakawa wa kwanza kuachwa nje.

Maelezo ya kamati: BYU (Brigham Young, chuo cha Utah), waliokuwa katikati ya hizo mbili, walifungwa vibaya fainali ya ligi yao wakashuka, hivyo Miami na Notre Dame wakawa bega kwa bega na kwa mara ya kwanza matokeo ya Agosti yakawa kigezo. Mimi nasema hivi, na najua nitarushiwa mawe: Miami walistahili. Walishinda uwanjani, na mwishowe wakafika fainali, wakafungwa na Indiana 27-21. Kosa la kamati liko hapa: mechi ile ilichezwa Agosti, haikuchezwa Desemba. Kama ilikuwa na uzito, ingekuwa na uzito tangu orodha ya kwanza ya Novemba. Kutangaza orodha kila wiki kwa ajili ya televisheni na kisha kuigeuza siku ya mwisho bila mpira kuchezwa, huko ni kuwatania watu.

Na turudi kwenye uhuru. Jumamosi ya kwanza ya Desemba, wengine wakicheza fainali za ligi zao, Notre Dame hukaa nyumbani. Kwa kawaida hiyo ni nafuu: huumizwi, hufungwi. Safari hii ilikuwa hasara, kwa sababu hawakuwa na ligi ya kuipigania hoja yao wala mechi ya kuongeza ushahidi. Mkurugenzi wa michezo Pete Bevacqua alitoa maneno makali dhidi ya ACC, ambayo ilikuwa ikimpigia debe Miami, mwanachama wake kamili. Mwanachama kamili hupigiwa debe. Ndivyo uanachama unavyofanya kazi.

Na kukataa kucheza Bowl?

Walialikwa Pop-Tarts Bowl huko Orlando wakakataa, wakafunga msimu. Wachezaji waliulizwa maoni na wengi wakaunga mkono. Naielewa hasira. Lakini vijana wa mwaka wa kwanza na wa pili walipoteza wiki tatu za mazoezi na mechi moja ya kweli, na waliokuwa wanamaliza walikosa kuaga uwanjani.

Kwa nini kila mwaka Navy, timu ya chuo cha jeshi la majini?

Deni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vijana wa kiume walikwenda vitani na chuo kikabaki na madarasa matupu na hazina tupu. Jeshi la majini likaleta mafunzo ya maofisa wake pale, na fedha zake zikakiweka chuo hai. Notre Dame waliahidi kwamba Navy ikitaka mechi, itaipata. Wamecheza kila mwaka tangu 1927, isipokuwa 2020 mwaka wa korona, ikiwemo Dublin mara tatu: 1996, 2012 na 2023. Navy walifungwa mara 43 mfululizo, hadi 2007 waliposhinda 46-44 baada ya vipindi vitatu vya nyongeza.

USC imeenda wapi?

Uhasama na USC, chuo cha Los Angeles, ulianza 1926 hukohuko, Notre Dame wakishinda 13-12, na ndio uliowapa sababu ya kwenda California. Kwa mtu wa Kariakoo, ni Simba na Yanga zilizotenganishwa na kilomita elfu tatu. Sasa umesimamishwa: baada ya mechi ya 2025 pande mbili hazikuelewana kuhusu tarehe, na BYU wameingia kwenye ratiba ya 2026 na 2027. USC walihamia Big Ten mwaka 2024, ratiba yao imejaa, na hawaoni faida ya kuongeza mechi ngumu. Ni aibu kwa wote wawili.

Yesu wa Tachidauni ni nini?

Ni picha kubwa ya mawe ukutani mwa maktaba ya Hesburgh, ya mwaka 1964, urefu kama mita 41, Kristo akiwa mwalimu na mikono imeinuliwa. Refa huinua mikono hivyohivyo kuashiria tachidauni, na picha iko mkabala na milingoti ya kaskazini. Hakuna padre aliyelianzisha jina hilo, na hakuna aliyefanikiwa kulizuia.

Uwanja hubeba watu 77,622. Helmeti za dhahabu zinaiga kuba la jengo kuu, ambalo lina dhahabu halisi. Wachezaji wakishuka ngazi kuingia uwanjani hugonga kwa kiganja ubao ulioandikwa kuwataka wacheze kama mabingwa leo. Holtz ndiye aliyeuweka. Na tangu 1960 hadi 2015, robo ya nne ikikaribia, maelfu ya watu walinyamaza ili kumsikia sajenti Tim McCarthy wa polisi wa Indiana akitoa onyo la usalama barabarani lenye utani wa maneno, mbaya kweli kweli, kisha wakalipuka kwa kelele.

Wachezaji wanalipwa?

Ndiyo, na usimwamini anayekuambia ni siri. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo. Tangu Julai 2025, kufuatia suluhu ya kesi mahakamani, chuo chenyewe kinaweza kugawa fedha kwa wanamichezo wake wote, hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Pia wanahama chuo kwa chuo kwa urahisi: Riley Leonard, kwotabeki wa 2024, alikuja kutoka Duke kwa msimu mmoja tu. Ndiyo maana kikosi ulichokikariri Januari kinaweza kuwa kingine Agosti.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, ila hauko uwanjani. Shirika la Msalaba Mtakatifu, lile lililoanzisha chuo, lipo Uganda tangu 1958, likianzia upande wa Fort Portal, na baadaye likaingia Kenya na Tanzania. Parokia ya Dandora, Nairobi, ni yake. Usishangae ukiona kijana wa Eastlands amevaa fulana ya ND ambayo haikutoka kwenye mitumba.

Nianzie wapi msimu wa 2026?

Love na mkimbiaji mwenzake Jadarian Price wameondoka, Carr amebaki. Mechi ya kwanza ni dhidi ya Wisconsin, Jumapili ya Septemba 6, kwenye uwanja wa Lambeau huko Green Bay. Miami wanakuja South Bend mwaka huu, na hiyo huhitaji kuambiwa uiwekee alama. Kuanzia msimu huu kuna makubaliano kwamba Notre Dame wakimaliza ndani ya 12 bora wanaingia mtoano moja kwa moja, kwa hiyo angalia namba yao kwenye orodha kuanzia Novemba, na usipoteze usingizi kwa orodha za Septemba.

Kama huwezi kukesha, tafuta muhtasari kwenye YouTube Jumapili asubuhi. Na kabla hujaufungua, zima arifa za simu, maana kuna mtu kwenye kundi lenu la WhatsApp atakayeandika matokeo saa kumi alfajiri.